Forge wa X-Men: mikono inayotangulia kichwa

Tangu katuni ya X-Men '97 ilipotoka mwaka 2024, wengi wamekutana kwa mara ya kwanza na Forge, mwunda vifaa katika hadithi za X-Men, kundi la mashujaa wa komiki za Marvel, na mengi yanayosemwa juu yake hayapatani na komiki zake. Chris Claremont na John Romita Jr. walimleta katika Uncanny X-Men toleo namba 184, mwaka 1984.

Dhana: Forge ni Tony Stark (Iron Man, mwunda mashine wa Marvel) wa upande wa X-Men.

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na ndipo utamu wake wote ulipo. Stark ni mhandisi: anapiga hesabu, anachora, anajaribu, anashindwa, anarudia. Forge ni myutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Mpe tatizo, na mikono yake itaanza kuunganisha vipande kabla kichwa hakijajua sababu. Kifaa kitafanya kazi, lakini ukimwuliza kinafanyaje, huenda hana jibu. Ili ajue, inabidi akifungue tena, kipande baada ya kipande, kama fundi aliyeletewa redio ya mteja. Werevu anao pia, ila huo ni kitu kingine kabisa na kipaji hiki. Ukilishika hilo, hadithi zake nyingi zinaeleweka: anatengeneza kwanza, madhara anayaona baadaye.

Dhana: Bunduki iliyomvua Storm, shujaa wa X-Men anayeamuru upepo na radi, nguvu zake ilimlenga Magneto, myutanti anayeamuru vyuma.

Kwenye katuni, ndiyo. Kwenye toleo namba 185, Henry Gyrich wa serikali ya Marekani alimlenga Rogue, mwenzake Storm katika X-Men, ikampata Storm. Forge aliiunda akiwafikiria Dire Wraiths, viumbe kutoka anga za mbali wanaojigeuza sura. Serikali ikaigeuzia myutanti. Toleo namba 186, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, linamkuta Storm akiuguzwa nyumbani kwa Forge, Dallas. Wawili hao wameanza kupendana. Kisha Storm anasikia mazungumzo ya simu na kutambua kwamba mwenyeji wake ndiye aliyeiunda bunduki ile. Soma toleo hilo kabla ya mengine yote.

Dhana: Ni mtu wa mashine tu, na mguu aliupoteza katika jaribio lililolipuka.

Forge ni Mcheyenne, mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, na alifunzwa uganga na mzee Naze. Akiwa askari vitani Vietnam, wenzake walipouawa, alitumia roho zao kuita mapepo yalipize kisasi. Alipoona alichokifungulia mlango, akaita ndege za mabomu za B-52 zipige mahali pale pale alipokuwa. Mabomu hayo ndiyo yaliyomkata mguu na mkono, na viungo vya bandia alijitengenezea mwenyewe. Baada ya hapo aliukimbia uganga, akajificha kwenye vyuma.

Dhana: Huziamuru mashine kwa mawazo, na huunda kitu bila chochote.

Hapana. Bila vipande na zana, kipaji chake hakina pa kushika. Toleo namba 226 linaonyesha hilo vizuri: yeye na Storm wamenaswa katika dunia isiyo na mtu mwingine, kiwanda wala duka la vipuri. Vipuri pekee vilivyopo vimo mwilini mwake. Basi anaufungua ule mguu wa bandia, na kwa vipande vyake anaunda kifaa kinachomrudishia Storm upepo na radi.