Dawa ya kuongeza damu si tiba ya kila punda aliyedhoofu

Kuanzia Kisesa hadi Usagara, mkoani Mwanza, punda wa mkokoteni akidhoofu, mwenyewe hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua chupa yenye madini ya chuma, akiamini kwamba itaongeza damu na kinga ya mwili. Imani hiyo haina msingi imara. Farasi, na punda aliye nduguye, huhitaji takriban miligramu 40 za chuma katika kila kilo ya chakula kikavu, na malisho mengi yana zaidi ya hapo, bila kuhesabu udongo anaoumeza akila majani mafupi ya kiangazi.

Ukifunua kope la chini ukaona utando mweupe badala ya wa waridi, damu imepungua kweli. Lakini aghalabu imenyonywa na minyoo, au chembe nyekundu zinavunjwa na vimelea vinavyoenezwa na kupe. Chuma hakigusi chanzo hicho, na kikizidi hulimbikizana katika ini.

Hata kipimo cha damu humpotosha asiyejua, kwani farasi huhifadhi chembe nyekundu katika bandama, na akikimbia au akishtuka humiminwa mishipani, idadi ikapanda ghafla.

Kuhusu kinga, vitamini E husaidia kweli mnyama anayeishi kwa nyasi zilizokaushwa, maana nyasi hizo huipoteza. Seleni, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, nayo ina kazi, ila ikizidi ni sumu inayong'oa singa na kupasua kwato. Mimi ningetanguliza fedha ya kupima kinyesi ili kujua kama kuna minyoo.