Likizo pekee haimalizi uchovu wa kazi

"Mpe likizo, atarudi mzima." Ndivyo tunavyosema mfanyakazi akianza kuzidiwa. Kuna ukweli hapo, ila mdogo.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za afya iliyopitishwa 2019, halikuuita uchovu huu ugonjwa. Lilisema unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa: mtu anaishiwa nguvu, anaichoka kazi moyoni, anaona hafanikishi chochote. Chanzo kiko kazini, basi.

Mchukue dada wa mapokezi katika hoteli ya Arusha, msimu wa watalii umepamba moto. Gari limechelewa kutoka Ngorongoro, mgeni anafoka kwamba maji ya moto hayatoki, na yeye anatakiwa atabasamu, aseme pole, karibu chai. Hasira anaimeza. Kuimeza huko nako ni kazi, japo haimo kwenye mkataba. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza mwaka 1983 akiangalia wahudumu wa ndege.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka. Aende kwao Rombo, alale, acheke na ndugu. Akirudi anakuta zamu zilezile, mtu mmoja kwa kazi ya wawili, na bosi anayepiga simu usiku wa manane. Haukupita muda, yuko palepale.

Kinachosaidia ni kupanga zamu upya na kumruhusu amkabidhi mgeni mkali kwa msimamizi. Hapo mameneja wengi hukunja uso: kusaini fomu ya likizo ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa pili.