Deni la mchango ni la mzazi, mtoto aachwe darasani

Shule zikifunguliwa Januari, benchi la nje ya ofisi yangu ya afisa elimu kata halikauki watu. Safari hii malalamiko karibu yote ni ya namna moja: mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mchango wa mlinzi, wa uji, wa mtihani wa majaribio, wa masomo ya ziada. Naandika tuelewane mapema, maana jambo hilohilo nalieleza mara kumi kwa siku.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, pamoja na Waraka Na. 3 wa mwaka 2016, uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikaondoka na ada ya kidato cha tano na sita. Neno la Serikali ni "bila malipo". "Bure" tumelitia wenyewe mtaani, na ndilo linalotugombanisha. Sare, madaftari, kalamu, nauli, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Anayekuja kwangu kudai shule imnunulie mwanawe viatu anapoteza siku yake na yangu.

Michango yenyewe siikatai. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 1,200 hiyo ni milioni moja kwa mwezi, kabla hujatoa ya vitabu. Humo mna chaki, mitihani, karatasi na mlango uliong'oka. Kwa shule zetu za pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Mbagala au Chanika, ambako watoto wanaingia kwa zamu asubuhi na mchana, mwalimu mkuu anayeomba msaada wa wazazi hana kosa.

Kosa linaanzia kwenye kudai. Mkutano unaitishwa Jumamosi, wanakuja wazazi sitini, wengi wao wenye kipato cha kueleweka. Wanapitisha elfu kumi kwa mwezi kwa ajili ya darasa la saba. Jumatatu kundi la WhatsApp linabandikwa orodha ya wasiolipa. Mama anayeuza samaki Feri, aliyetoka nyumbani saa kumi alfajiri, hakuwepo mkutanoni na jina la mwanawe liko juu kabisa. Kura ya wazazi sitini haigeuzi hiari kuwa lazima. Hata wangekuwa mia sita.

Linaloniudhi zaidi ni masomo ya ziada. Mwalimu anafundisha mada ya silabasi saa kumi na mbili asubuhi kwa waliolipa, na saa mbili, kengele ikishagongwa, anasema "hiyo tulishasoma". Aliyekuwa nje chini ya mwembe kanyimwa somo ambalo mwalimu analipwa mshahara kulifundisha. Sare moja, darasa moja, na watoto wa madaraja mawili. Wazazi wenye uwezo wanaoshangilia utaratibu huu kwa sababu shule "imepanda" wajue nao wamo.

Sasa utaratibu. Mchango wa hiari hujadiliwa na kamati ya shule, ukaridhiwa na wazazi, ukapata kibali cha mamlaka iliyo juu ya shule. Fedha huingia akaunti ya shule, nawe unapewa risiti. Haziingii kwenye simu ya mwalimu wa darasa, hata kama ni mwalimu mzuri. Mtoto akirudishwa, anza kwa mwalimu mkuu, siku hiyohiyo. Asipokusikiliza, andika barua kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, nakala kwa afisa elimu kata na mtendaji wa kata. Taja tarehe, darasa, kiasi ulichodaiwa na nani alidai. Ambatisha ujumbe wa simu kama upo. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, wiki mbili baadaye utaambiwa barua haikufika. Hatua inayofuata ni afisa elimu wa halmashauri, kisha mkurugenzi.

Mwalimu anayethibitika kukiuka waraka hushughulikiwa kinidhamu chini ya Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu Na. 25 ya mwaka 2015. Kosa dogo, onyo au karipio. Kubwa, hupewa hati ya mashtaka, hujitetea kwa maandishi, na adhabu yaweza kufika kushushwa cheo au kufukuzwa kazi. Pakiwa na harufu ya rushwa, piga TAKUKURU, namba 113, haina gharama.

Wengi hawaandiki kwa kuhofia mtoto ataonewa. Sitasema hofu hiyo haina msingi. Njooni wazazi watano kwa barua moja. Ni vigumu kuonea watoto watano.

Bibi mmoja alikaa siku tatu na mjukuu wake wa darasa la tano nyumbani, akitafuta 3,000 ya mlinzi. Alipofika ofisini hakuja kulalamika, alikuja kuomba apunguziwe, noti mbili za elfu zimefungwa kwenye pindo la khanga. Nilimwambia arudishe fedha yake pindoni. Kesho yake mtoto alikuwa darasani, na wenzake walikuwa wameshamaliza kujumlisha sehemu.