Kanisa la Thogoto halikuletwa na treni

Kuna ile meseji inazungushwa kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi, eti wamishenari Waskoti walishuka treni Kikuyu, mbele kidogo ya Nairobi ukitoka Mombasa, wakajenga lile kanisa la mawe la Thogoto, hapo hapo Kikuyu, na hapo ndo Upresbiteri, dhehebu lao la Kiprotestanti, ukaanza bara. Sivyo. Walianzia Kibwezi, Ukambani, mwaka 1891, wakitembea kwa mguu kutoka Mombasa na wapagazi wao kwenye njia ya misafara, ila malaria ikawatesa mno mpaka 1898 wakahamia Kikuyu kwenye kibaridi. Sasa pima mwenyewe, reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, hiyo treni ya kuwashusha Kikuyu 1898 ilitoka wapi? Na jengo lenyewe la mawe lilimalizika 1933 wakati ubatizo wa kwanza pale ni 1907, yaani waumini walikuwepo miaka kibao kabla ya hizo kuta. Watu wanachanganya juu jengo ndo liko kwenye picha zote, Kibwezi haina picha ya kusambaza, na wengi wanaofowadi hawana nia mbaya wala. Ikikufikia tena usiipeleke mbele, mjibu tu aliyetuma kwa hizo tarehe za reli.