Kabla ya Kulipia Kozi ya CPD Mtandaoni, Anza na Baraza Lako

Kila msimu wa kuhuisha leseni unapokaribia, meza yetu ya mafunzo endelevu ya wataalamu (CPD) hapa Mbeya hupokea malalamiko ya namna moja: mtaalamu amelipia kozi mtandaoni, amepewa cheti, na baraza la taaluma yake limekataa kumwingizia pointi za CPD. Safari hii yamezidi. Wengi wanaolalamika ni watu waaminifu, wauguzi na wafamasia wa Makete, Ludewa na Chunya, ambao kuja mjini kwa semina ni nauli, malazi na zamu isiyo na wa kuishika. Kwao mafunzo ya mtandaoni ni msaada wa kweli, na hatupendi mtu ayakimbie kwa sababu ya matapeli wachache.

Kosa huanzia kwenye swali. Watu hutuuliza kama kozi ni nzuri au kama bei yake ni nafuu. Cha kuuliza kwanza ni hiki: chombo kilichonisajili kinamtambua huyu anayefundisha? Mtoa mafunzo hana mamlaka ya kukupa pointi hata akiziandika kwenye cheti kwa herufi kubwa. Muuguzi na mkunga wanasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010, mfamasia na Baraza la Famasi chini ya sheria ya 2011, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya Sheria Na. 15 ya 1997, mhasibu na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Kila chombo kina taratibu zake, na kozi iliyompa pointi jirani yako mhandisi huenda kwako wewe muuguzi isihesabike kabisa.

“Lakini kampuni imesajiliwa BRELA.” Kauli hii tumeisikia mno. BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, inasajili kampuni na majina ya biashara. Haikagui mtaala wa mtu. Usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, nao ni wa chuo na programu zake, haumaanishi kwamba kila kozi fupi ya chuo hicho ina pointi kwenye baraza lako. Hata kozi za bure za mtandaoni za Shirika la Afya Duniani (WHO), ambazo zinafundisha vizuri na baadhi zipo kwa Kiswahili, usizihesabie pointi kabla baraza lako halijakujibu kwamba linazipokea. Kuuliza ni barua pepe moja. Tafadhali ulizeni.

Cheti kimoja kilicholetwa mezani kwetu kiliandikwa mafunzo ya saa 40. Ujumbe wa muamala ulionyesha fedha zimelipwa saa tatu asubuhi. Cheti kilitolewa siku hiyohiyo saa saba mchana. Mwenye cheti alieleza kwamba alijibu maswali machache, akapakua. Hakuna baraza litakalokubali saa 40 zilizopita kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Kiwango cha kimataifa cha mafunzo endelevu ya wahasibu, IES 7, katika toleo lililotumika kabla ya 2020, kwa waliopimwa kwa saa, kilitaka saa 120 ndani ya miaka 3, na 60 kati yake ziweze kuthibitishwa. Neno zito hapo ni kuthibitishwa: mtoa mafunzo awe na kumbukumbu za lini uliingia, ulisoma nini na ulipata alama gani, azitoe akiulizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe mtoa mafunzo barua yake ya idhini. Soma imetolewa na nani, kwa kada gani, na inaisha lini; kisha ihakikishe kwa baraza lenyewe, si kwa namba ya simu iliyo kwenye tangazo. Jina utakalojisajilia liwe lile lililo kwenye rejesta. Akina mama waliobadili jina baada ya ndoa hukwama sana hapa. Ada ya leseni usiipitishe kwa mtoa mafunzo: malipo ya Serikali yana namba yake ya kumbukumbu, tarakimu 12 zinazoanza na 99, unayoitoa mwenyewe kwenye mfumo. Anayesema “nitumie yote kwenye simu yangu, leseni nitakushughulikia” mkatalie.

Nywila ya akaunti yako ya baraza ni yako peke yako. Tumekutana na wataalamu wa Mafinga na Uyole ambao akaunti zao zilifunguliwa steshenari kwa barua pepe ya mwenye duka. Ujumbe wa baraza unaingia kwake, na wao wanashangaa mbona hawajibiwi. Badilisheni hizo barua pepe wiki hii.

Kuhusu adhabu, tuelewane. Kuwasilisha cheti cha kozi usiyoisoma ni suala la nidhamu mbele ya baraza, na leseni yako inaweza kuguswa. Cheti kikiwa cha kughushi, Kanuni ya Adhabu nayo inahusika, na kifungo kinaweza kufika miaka 7. Aliyekuuzia hatasimama badala yako, kwa kuwa jina lililo kwenye maombi ni lako.

Kama umeshalipa na una shaka, usikipakie cheti hicho kwenye mfumo. Hifadhi ujumbe wa muamala, tangazo lenyewe na mazungumzo yote ya simu, andika maelezo mafupi yenye tarehe na namba yako ya usajili, uyapeleke kwa baraza lako. Ikiwa umetapeliwa fedha, fungua taarifa polisi na uambatishe nakala yake.