Feruli imepanda, au kichwa kimeshuka?

Mara nyingi naletewa fimbo ya gofu na mtu anayesema, "Fundi, hii pete imelegea, nipigie supagluu tu." Huwa siigusi chupa ya gundi kabla sijashika kichwa cha fimbo.

Feruli, ile pete nyeusi ya plastiki inayokaa pale shafti (mti wa fimbo) inapozama kwenye shingo ya kichwa, haishiki kitu. Kazi yake kubwa ni urembo, pamoja na kuikinga shafti kidogo na ukingo wa shingo. Ukiitoa kabisa ukaenda kucheza, mpira hautajua. Kinachoshika kichwa ni epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, iliyo ndani ya shingo. Kwa hiyo ukiona pengo kati ya feruli na kichwa, ama feruli imepanda, ama kichwa kinatoka. Kwa macho ni kitu kimoja.

Niligundua tofauti hiyo kwa aibu. Niliwahi kubandika feruli ya fimbo yangu ya chuma namba 7, ikakaa vizuri, nikaisifia. Siku chache baadaye kichwa kilitua mbali kuliko mpira.

Siku hizi nashika shafti mkono huu na kichwa mkono ule, nazungusha kama anayefungua chupa ngumu. Kikizunguka hata kidogo, au kikatoa mlio, feruli iache: kichwa king'olewe, kisafishwe, kigundishwe upya. Kikikaza na bado una wasiwasi, zungusha utepe wa karatasi kwenye shafti, ukigusa ukingo wa juu wa feruli, kisha piga mipira kama ishirini. Feruli ikiusukuma utepe, yenyewe ndiyo inayopanda. Utepe na feruli vikibaki palepale ilhali pengo limekua, kichwa kinaondoka.

Kama ni feruli tu, kazi ni ya nusu saa. Ipandishe juu kama sentimita 2 na ukwangue gundi kuukuu kwa ukucha au kijiti. Kisu hapana, hasa kwenye shafti ya grafaiti, maana kinakata nyuzi zake. Pangusa kwa spiriti, acha pakauke.

Wengi hutumia supagluu na inashika kweli, lakini ikikauka inakuwa kama kioo, na shafti inapinda kila unapopiga. Mimi napenda epoksi ya mirija miwili. Paka utando mwembamba sana kwenye shafti, pale feruli itakapokaa. Ukijaza, ziada itatokea kwenye pengo na utaifuta hadi uchoke. Tundu la feruli likiwa limepanuka, zungusha kwanza mkanda mmoja wa utepe wa karatasi ndani ya eneo litakalofunikwa.

Kuisukuma chini ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu vidole vinateleza. Viringisha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye feruli, ubane, uzungushe huku ukisukuma, itashuka. Ijaribu kabla ya kupaka gundi; ikigoma, ifunge kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto kwa dakika moja, plastiki italainika. Usitumie kiberiti. Ikishagusa shingo, futa ziada, kisha vuta utepe kutoka kwenye feruli hadi kichwani ili isirudi juu, uiache saa 24.

Mikwaruzo inaondoka kwa asetoni: lowesha kitambaa kidogo, pitisha mara moja kuzunguka feruli bila kusimama. Asetoni inayeyusha ngozi ya juu ya plastiki na kuirudisha ing'ae. Ukisimama, utaacha alama ya kidole. Ikigusa rangi ya shafti, rangi itaondoka.

Feruli ikipanda tena mwezi ujao, nitakuuliza fimbo zako zinalala wapi. Buti la gari lililoanikwa juani linalegeza gundi, na likizoea feruli, halitaisaza epoksi iliyo ndani ya shingo.