Je, wajua kwa nini tairi la gari linaweza kuua samaki mtoni?

Kila msimu wa vuli, samoni wa aina ya coho hutoka baharini na kupanda vijito vya eneo la Seattle, Marekani, ili kutaga mayai. Kwa miaka mingi watafiti walishuhudia jambo la kuhuzunisha: mvua ikishanyesha, samaki hao huanza kuzunguka ovyo juu ya maji, wakitweta midomo wazi, na baada ya saa chache hufa, huku majike yakipasuliwa hukutwa na mayai bado yamo tumboni.

Maji yanayotiririka kutoka barabarani yalishukiwa mapema, ila yamebeba kemikali chungu nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiwemo Zhenyu Tian na Edward Kolodziej, waliloweka chembechembe za matairi, wakayatenganisha maji yake sehemu baada ya sehemu na kuijaribu kila sehemu kwa coho wachanga, hadi kati ya kemikali zaidi ya 2,000 wakaipata ile moja inayowaua. Walitangaza matokeo Desemba 2020.

Kisa chenyewe huanzia kwenye ozoni, gesi iliyomo hewani ambayo hushambulia mpira na kuupasua. Ili kuzuia hilo, matairi hutiwa kemikali iitwayo 6PPD, ambayo hujipenyeza taratibu hadi juu ya tairi na kuikabili ozoni kabla haijaufikia mpira. Kazi hiyo huifanya vizuri, lakini katika kuifanya hugeuka kuwa kemikali nyingine, 6PPD-kwinoni. Tairi linaposagika kwenye lami, vumbi lake hubaki barabarani likisubiri mvua ilisombe hadi kijitoni, ambako kiasi kisichofika maikrogramu 0.1 katika lita moja ya maji hutosha kuua nusu ya coho walio ndani yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba sumu hii haikukusudiwa na yeyote. 6PPD imetumika kwa miongo mingi, na ukaguzi wa kemikali kwa kawaida hutazama kile kinachotiwa katika bidhaa, si kile kinachozaliwa bidhaa ikishakutana na hewa. Isitoshe, samoni wa aina ya chum, ndugu wa karibu wa coho, huistahimili 6PPD-kwinoni. Aliyewapima hao peke yao angeitangaza kuwa salama. Nchini China imekwisha kukutwa katika mkojo wa watu, na athari zake kwa afya yetu zinaendelea kuchunguzwa.

Kuyapitisha maji ya barabarani katika tabaka la mchanga na mboji kabla hayajaingia kijitoni huwanusuru samaki. Kuiondoa 6PPD kabisa ni kugumu zaidi, kwa kuwa tairi lisilo na kinga hupasuka na kuhatarisha abiria. Tangu 2023 jimbo la California linawataka watengenezaji wa matairi watafute mbadala, na mbadala huo utapaswa kupimwa pamoja na kile ambacho ozoni itaugeuza kuwa.